Nani yumo kwenye chungu cha togwa? Mwongozo kamili wa kutenganisha na kutambua bakteria kwa DNA

Chukua tone moja la togwa ya jana, lipake rangi ya Gram (huwagawa bakteria kwa aina ya ukuta wa seli), liweke chini ya hadubini. Utaona vijiti na vidoto vya zambarau vimejazana kama mchele kwenye ungo. Utajua ni wengi, ila hutajua ni akina nani. Lactiplantibacillus plantarum na Limosilactobacillus fermentum wote ni vijiti, na kwa macho hutawatofautisha kwa uhakika, ingawa mmoja akila glukosi hutoa gesi na mwingine hatoi. Hapo ndipo tunapohitaji kusoma DNA.

Mwongozo huu ni wa mwanafunzi au fundi sanifu wa maabara mwenye mashine ya PCR (hunakili kipande cha DNA mara nyingi mno), sentrifuji, tangi la jeli na subira. Nimeuegemeza kwenye togwa, uji wa mahindi au mtama unaochachushwa kwa kimea cha ulezi, kwa sababu jamii yake ya bakteria si kubwa mno na ilishachunguzwa kwa kina na watafiti wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, Morogoro. Kwa hiyo ukipata jibu la ajabu, una pa kulinganishia. Kwa maziwa ya mgando, udongo au maji ya kisima, mwendo ni uleule. Kinachobadilika ni jinsi ya kuzivunja seli na aina ya uchafu utakaoizuia PCR yako.

Jambo moja nitalirudia mpaka ulichoke: kila hatua hapa ni chujio, na kila chujio kina wanaopita na wanaobaki. Anayejua chujio lake limebakiza nani ndiye anayeweza kulisoma jibu lake.

Kabla ya kugusa pipeti: unauliza nini?

Kuna maswali matatu ambayo watu huyachanganya. Nani yumo? Nani yumo na yu hai? Na yupi naweza kumtoa, nikamfuga peke yake na kumtumia kama mbegu ya kuchachushia? La kwanza linajibiwa kwa kutoa DNA moja kwa moja kwenye togwa. La tatu halijibiki bila kuotesha bakteria kwenye agari, ile jeli ya chakula chao ndani ya sahani. La pili liko katikati, na ndilo linaloumiza vichwa.

Mwaka 1985 Staley na Konopka waliandika juu ya pengo lililokuwa likiwasumbua wataalamu kwa muda mrefu: seli unazozihesabu kwa hadubini ni nyingi mno kuliko koloni (vidoto vya bakteria wa uzao mmoja) zinazoota kwenye sahani. Kwenye udongo na maji pengo hilo ni kubwa sana. Kwenye togwa ni dogo, kwani bakteria wake wengi huota vizuri maabara. Ushauri wangu, ukiwa na nafasi, ni kufanya njia zote mbili kwenye chungu kimoja. Sahani itakupa kiumbe mkononi, DNA ya moja kwa moja itakuonyesha nani hakuota.

Sampuli

Chukua sampuli kwenye vyungu vitatu vilivyopikwa mbalimbali. Mirija mitatu kutoka chungu kimoja ni chungu kimoja tu, hata ukiipa majina matatu. Koroga, chota mililita 50 kwa mrija safi, pima pH hapohapo na uandike saa. Togwa nzuri hushuka chini ya pH 4 ndani ya siku moja, na namba hiyo itakusaidia baadaye kuelewa nani alikufa lini. Chota saa 0, 6, 12 na 24. Chukua pia kidogo cha unga, kimea na maji yaliyotumika, maana bila hivyo hutajua bakteria aliingilia mlango gani.

Gawa kila sampuli kwenye mirija midogo ya mililita 2 kabla ya kugandisha, usije ukaiyeyusha na kuigandisha mara tano. Nyuzi −80 ni bora, −20 inatosha kwa wiki chache. Ukiwa kijijini pasipo friza, ethanoli ya asilimia 95 inahifadhi vizuri. Ile ya asilimia 70 iliyozoeleka kwa kusafishia meza haifai kwa kazi hii. Na sehemu ya kuotesha usiigandishe hivihivi: ipeleke maabara kwenye barafu na uioteshe siku hiyohiyo, au ichanganye na gliseroli mpaka ifike asilimia 20.

Siku hiyohiyo anzisha kitu nitakachokiita *mrija mtupu*. Ni mrija wa maji safi uliobebwa, kufunguliwa, kutolewa DNA, kuwekwa kwenye PCR na kusomwa sawasawa na sampuli. Kama fedha zimebana na lazima upunguze kitu, punguza sampuli moja, mrija huu uache. Nitaeleza sababu mbele.

Njia ya sahani: kutenganisha walio hai

Punguza togwa hatua kwa hatua, mililita 1 ndani ya mililita 9 za maji ya chumvi ya asilimia 0.85, mpaka ufike 10⁻⁸. Paka mikrolita 100 kwenye agari ya MRS, inayopendwa na bakteria wa asidi ya laktiki, ukianzia 10⁻⁴. Togwa ina hamira nyingi nazo zitajaa sahani, hivyo weka dawa ya kuzuia fangasi kwenye agari. Sikloheksimidi hufanya kazi hiyo lakini ni sumu kwa binadamu pia: vaa glavu na barakoa unapoipima. Funga sahani kwenye jagi lisilo na oksijeni, au jagi la mshumaa kama ndilo ulilonalo, nyuzi 30 kwa saa 48.

Chagua sahani yenye koloni kati ya 30 na 300. Hapa wengi hukosea bila kujua, kwa sababu mkono hufuata koloni kubwa zinazong'aa. Chora mstari kwenye kitako cha sahani na uchukue kila koloni inayoguswa na mstari, hata ile ndogo kama ncha ya sindano. Paka kila moja upya mara mbili au tatu mpaka sahani nzima iwe na sura moja. Dondoshea haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3: bakteria wa asidi ya laktiki hawatoi povu. Wahifadhi kwenye gliseroli kabla hujaendelea. Nimeona mtu akisoma DNA ya koloni nzuri ajabu, na aliporudi kuitafuta, sahani ilikuwa imekauka kama karatasi.

Ukiwa na koloni 80, usilipie kuzisoma zote. Zipange kwanza kwa alama zao kwa PCR ya praima moja (kipande kifupi cha DNA kinachoshika mahali pa kuanzia kunakili) iitwayo (GTG)₅, yaani GTGGTGGTGGTGGTG, kwa joto la kushikia la nyuzi 40. Praima hii hunasa sehemu nyingi za jenomu, na kwenye jeli kila aina huacha msururu wa mistari kama alama ya kidole. Zenye msururu mmoja ziweke kundi moja, kisha soma mbili au tatu kwa kila kundi.

Kutoa DNA kwenye togwa yenyewe

Hapa ndipo kazi inapofaulu au kuharibika, kwa hiyo nitakaa kidogo. Bakteria wengi wa togwa ni Gram chanya, na ukuta wao ni mnene. Bakteria wa Gram hasi hupasuka kwa sabuni tu. Ukiharakisha, utapata DNA, jeli itapendeza, na utaandika kwamba togwa imejaa Enterobacteriaceae (ukoo wa Gram hasi, akina E. coli), kumbe wenye chungu wamebaki wazima chini ya mrija.

Tikisa sampuli, weka mililita 2 kwenye mrija, zungusha taratibu, 200 × g kwa dakika 5. Unga na makapi vitazama. Hamishia maji ya juu kwenye mrija mwingine, lakini usitupe makapi bado: bakteria wengi wamejishika humo. Yaoshe kwa mililita 1 ya maji ya chumvi yenye Tween 80 ya asilimia 0.1, tikisa dakika moja, zungusha tena taratibu, na uunganishe maji hayo na ya kwanza. Sasa zungusha kwa nguvu, 10,000 × g kwa dakika 10. Kwenye kitako utaona tabaka mbili: jeupe la wanga chini, na juu yake utando mwembamba wa rangi ya krimu unaoteleza mrija ukiuinamisha. Utando huo ndio bakteria. Mwaga maji polepole, uoshe mara mbili kwa bafa ya PBS.

Kisha fuata mpangilio huu, usiuruke:

1. Yeyusha utando kwenye mikrolita 480 za bafa ya TE yenye lizozimu ya miligramu 20 kwa mililita. Ukiwa na mutanolizini, ongeza kidogo. Nyuzi 37, saa nzima.
2. Ongeza mikrolita 60 za SDS (sabuni kali) ya asilimia 10 na gramu 0.3 za shanga za kioo za milimita 0.1. Tikisa kwa mashine mara tatu, dakika moja kila mara, na dakika mbili za barafu katikati. Shanga ndizo zinazowavunja wabishi.
3. Ongeza mikrolita 6 za protinezi K ya miligramu 20 kwa mililita, nyuzi 56, saa moja. Usiitie mapema pamoja na lizozimu: itaitafuna kabla haijafanya kazi.
4. Ongeza mikrolita 100 za chumvi ya 5 M, changanya vizuri, *ndipo* utie mikrolita 80 za CTAB ya asilimia 10 iliyoyeyushwa kwenye chumvi ya 0.7 M. Nyuzi 65, dakika 10. CTAB hubeba wanga na masalia ya kuta za seli. Ikitangulia chumvi, itaganda pamoja na DNA yako na utaitupa yote.
5. Ndani ya kabati la hewa, tia mikrolita 700 za klorofomu na pombe ya isoamili (24:1), geuza mrija taratibu mara ishirini, zungusha 12,000 × g kwa dakika 10. Chukua tabaka la juu tu. Ukiona utando mweupe wa katikati unaufuata mdomo wa pipeti, simama. Afadhali upoteze mikrolita 100 kuliko kubeba uchafu huo.
6. Ongeza isopropanoli, sehemu 0.6 ya ujazo ulioupata. Geuza mrija polepole dhidi ya mwanga. Sampuli ikiwa na DNA nyingi, uzi mweupe kama wa pamba iliyoloa utajikunja katikati. Zungusha, osha kwa ethanoli ya asilimia 70, acha ikauke dakika chache, yeyusha kwenye mikrolita 50 za Tris ya 10 mM, pH 8.

Pima. Uwiano wa mwanga unaofyonzwa kwenye nanomita 260 na 280 (260/280) ukiwa karibu na 1.8, protini zimeondoka. Uwiano wa 260/230 ukiwa chini sana ya 2, bado una wanga au chumvi. Kipimo cha mwanga peke yake hudanganya, kwani huhesabu na RNA, basi pitisha mikrolita 3 kwenye jeli ya asilimia 1 uione DNA kwa macho. Kama PCR itagoma baadaye, jaribu kwanza kuipunguza DNA mara kumi kwa maji. Mara nyingi kinachoizuia ni uchafu, na ukipungua uchafu PCR hufunguka. Albumini ya ng'ombe (BSA) nayo husaidia.

Jeni ya 16S, na kwa nini ni hiyo

Kila bakteria ana jeni ya 16S ya RNA ya ribosomu, yenye urefu wa herufi (A, C, G na T za DNA) kama 1,500. Sehemu zake nyingine hazibadiliki karibu kwa bakteria wote, na hapo ndipo praima zinaposhika. Katikati kuna sehemu tisa zinazobadilika, V1 hadi V9, na hizo ndizo zinazotofautisha ukoo na ukoo. Kwa kulinganisha RNA hiyo, Carl Woese na George Fox walionyesha mwaka 1977 kwamba arkea ni kundi lake lenyewe, si bakteria.

Praima utakazozikuta mara kwa mara ni hizi. Kwa jeni karibu nzima, inayofaa koloni moja moja na mashine za kusoma vipande virefu: 27F (AGAGTTTGATCMTGGCTCAG) na 1492R (TACGGYTACCTTGTTACGACTT). Kwa V3 na V4, inayofaa jamii nzima kwenye mashine ya Illumina, inayosoma vipande vifupi kwa wingi: 341F (CCTACGGGNGGCWGCAG) na 805R (GACTACHVGGGTATCTAATCC), kipande cha herufi kama 460. Hamira hazionekani kwa praima hizi hata moja. Ukizitaka, soma sehemu ya DNA ya fangasi iitwayo ITS kwa praima zake.

Mchanganyiko wa mikrolita 25: mikrolita 12.5 za mchanganyiko tayari wa PCR wenye polimerezi (kimeng'enya kinachonakili DNA) isiyokosea ovyo, 0.5 ya kila praima ya 10 µM, 2 za DNA ya nanogramu 5 kwa mikrolita, na 9.5 za maji. Nyuzi 95 dakika 3. Kisha mizunguko 25 ya nyuzi 95, 55 na 72, sekunde 30 kila moja. Mwisho nyuzi 72 dakika 5. Kwa kipande kirefu cha 27F na 1492R, acha sekunde 90 kwenye nyuzi 72. Usiongeze mizunguko mpaka 35 ili tu mstari wa jeli ung'ae. Kadiri mizunguko inavyozidi, vipande ambavyo havikukamilika huanza kushikana na vya bakteria mwingine na kuzaa *chotara*, yaani DNA yenye kichwa cha huyu na mkia wa yule. Ukimsoma utadhani umegundua kiumbe kipya.

Kuvitenganisha vipande

PCR imekupa supu ya vipande vyenye urefu mmoja kutoka kwa bakteria mbalimbali. Jeli ya kawaida haitavitenganisha. Una njia tatu.

Ya zamani na rahisi kwa mfuko ni DGGE, iliyoletwa kwenye ikolojia ya vijidudu na Gerard Muyzer na wenzake mwaka 1993. Jeli ya akrilamidi hutengenezwa ikiwa na urea na formamidi zinazoongezeka kutoka juu kwenda chini, ndani ya bafa ya nyuzi 60. Kipande kikishuka hufika mahali nyuzi zake mbili zinapoachana, kikasimama. Chenye G na C nyingi husimama chini zaidi. Praima moja huongezewa mkia wa herufi kama 40 za G na C ili nyuzi zisiachane kabisa. Kila mstari unaweza kuukata kwa wembe, kuuloweka usiku kucha kwenye maji, kuukuza upya na kuusoma. Bado naipenda kwa kufundishia, kwa sababu mwanafunzi huiona jamii ikibadilika saa 0 mpaka saa 24 kwa macho yake. Ila ina mipaka: wasiofika kama asilimia 1 ya jamii hawaonekani, bakteria mmoja mwenye nakala za 16S zinazotofautiana hutoa mistari miwili, na wawili wanaweza kusimama mahali pamoja.

Ya pili, kuviingiza vipande kwenye E. coli kimoja kimoja na kuvisoma, sasa ni nadra. Sipotezi muda wako hapo.

Ya tatu ni kusoma vyote kwa mkupuo. Kila sampuli huwekewa alama yake ya herufi chache, zikachanganywa, zikasomwa pamoja. Ukituma kwenye kampuni ya nje, shughulikia kibali mapema kwa tume ya sayansi ya nchi, COSTECH kwa Tanzania au NACOSTI kwa Kenya, pamoja na mkataba wa kusafirisha sampuli. Kifaa kidogo cha MinION cha Oxford Nanopore kinakuwezesha kusoma mezani kwako jeni nzima ya 16S, kwa gharama ya makosa mengi zaidi kwa kila herufi. Kwa togwa, mistari 20,000 (hapa ni vipande vya DNA vilivyosomwa, si mistari ya jeli) kwa sampuli inatosha kabisa.

Kwenye kompyuta

Programu za QIIME 2 na DADA2 ni za bure na zinaendeshwa hata kwenye kompyuta mpakato yenye kumbukumbu ya gigabaiti 16. Ondoa praima kwanza. Tazama grafu ya ubora, ukate mikia inayoyumba, lakini piga hesabu kabla ya kukata: kipande cha 460 kikiondolewa praima hubaki na herufi kama 420, na kikisomwa kutoka pande mbili, ukibakiza 250 upande mmoja na 200 upande wa pili, jumla ni 450, kwa hiyo vitapishana kwa herufi kama 30 na kuungana. Ukibakiza 220 na 180 havikutani, na programu itakutupia data yote bila kelele. Ondoa chotara. Kisha linganisha na hifadhi ya SILVA upate majina.

Mchujo unaofuata ni muhimu kwa chakula chochote cha nafaka. Kloroplasti na mitokondria za mahindi na ulezi zina asili ya kibakteria, na praima zetu huzishika. Saa 0, kabla bakteria hawajaongezeka, zinaweza kuchukua sehemu kubwa ya mistari yako. Zifute kwa majina yake, halafu utazame sampuli imebakiwa na mistari mingapi.

Ndipo ufungue mrija mtupu. Mara yangu ya kwanza nilikuta humo Ralstonia na Bradyrhizobium, na nilipoitazama sampuli ya maji ya saa 0, wale wawili walikuwa wameshika nafasi za juu. Hawakutoka kwenye maji ya mpishi. Walitoka kwenye kemikali zangu, maana vifaa vya kutolea DNA huwa na masalia ya bakteria, na sampuli yenye DNA kidogo humezwa na masalia hayo. Bila mrija ule ningeyaandika kama ugunduzi. Weka pia sampuli ya bakteria waliochanganywa kwa uwiano unaojulikana. Ukipata uwiano mwingine, utajua chujio lako limempunja nani.

Kusoma majibu

Asilimia si idadi. Tuseme Weissella, jenasi mojawapo ya bakteria wa asidi ya laktiki, walikuwa asilimia 40 saa 0 na asilimia 10 saa 24. Ukisema wamekufa umekosea, kwa sababu jumla ya bakteria ikiwa imepanda kutoka 100,000 hadi 100,000,000 kwa mililita, Weissella wametoka 40,000 wakawa milioni 10. Wengine wamewapita tu kwa mbio. Ndiyo faida ya zile sahani: zinakupa jumla. Kumbuka pia kwamba bakteria hawana idadi sawa ya nakala za 16S, kuna wenye moja na kuna wanaofika 15, na mwenye nyingi huonekana mkubwa kuliko alivyo.

Majina nayo yana mtego. Mwaka 2020 jenasi ya Lactobacillus iligawanywa ikawa jenasi 25. Lactobacillus plantarum wa makala za zamani ndiye Lactiplantibacillus plantarum wa leo, na Lactobacillus fermentum ni Limosilactobacillus fermentum. Hifadhi ya zamani na mpya zikitumika pamoja, kiumbe mmoja atatokea mara mbili kwenye jedwali lako. Kwa koloni iliyosomwa jeni nzima, linganisha na aina rasmi za marejeo, si chochote kilichopakiwa na yeyote. Ufanano ukiwa chini ya asilimia 98.7, usitaje spishi. Hata ukiwa juu, kuna ndugu wasiotenganishika kwa 16S: plantarum, pentosus na paraplantarum ni mfano mzuri, nao hutenganishwa kwa jeni ya recA. Kipande cha V3 na V4 peke yake kinatosha kutaja jenasi, spishi mara chache.

Jina la kuliogopa

SILVA ina jina moja lililounganishwa: Escherichia-Shigella. Halisemi kwamba Shigella yumo. Linasema 16S haiwezi kuwatofautisha hao wawili, basi. Lakini likitokea kwenye grafu ya rangi, karibu na neno togwa, na mtu akalibeba hadi kwenye ripoti, kuna mama anayeuza vikombe sokoni atakayeambiwa anauza kuhara damu.

Kabla hujaliandika, fanya yafuatayo. Angalia mrija mtupu. Angalia saa: kama wapo saa 0 na 6, wakapotea kwenye sahani saa 24 huku DNA yao ikiendelea kuonekana, unachokiona ni mizoga. DNA haifi pamoja na mwenyewe. Ili kuwaondoa wafu, tibu sampuli mbichi kwa rangi ya PMA kabla ya kutoa DNA: huingia kwenye seli zilizotoboka, na ukiimulika kwa taa yake hujifunga kwenye DNA hiyo isikuzwe na PCR. Kisha otesha kwenye agari ya VRBG ya Enterobacteriaceae. Kikiota kitu, fanya PCR ya ipaH, jeni iliyomo kwa Shigella na kwa E. coli wale wanaovamia utumbo, na ya stx kwa wanaotoa sumu ya Shiga. Jibu la vipimo hivyo ndilo la kupeleka mbele.

Mama niliyechukua kwake sampuli Songea aliniuliza swali moja tu nilipomrudishia majibu: "Sasa mwanangu, hao wadudu wazuri wanatoka kwenye unga au kwenye kimea?" Nilimwonyesha jedwali. Wale walioshika chungu saa 24 walikuwamo kwenye kimea tangu mwanzo, na kwenye unga hawakuonekana. Akacheka, akasema hicho kimea hukianika mwenyewe, hanunui. Nikamwomba konzi moja. Iko kwenye friza, ndani ya mirija sita, na kando yake mtupu wa saba.